Kamera ya koridoni

Wadau, nilipotea kidogo, si mnajua tena mitihani. Mnakumbuka laptop ya rumeti wangu iliyoibiwa? Basi hosteli wakafunga kamera, na mimi nilishangilia kuliko wote. Juzi mlinzi, mtu mzima tu, kaniuliza: "Binti yangu, Jumanne usiku ulilia sana pale koridoni, kulikoni?" Nilikuwa nimepigiwa simu ya msiba. Najua aliuliza kwa huruma, lakini nilijiona kama nimevuliwa nguo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo maalumu. Lengo lilikuwa mwizi, sio machozi yangu. Kamera ibaki, sawa. Ila nani anaziangalia hizo picha, na zinafutwa lini? Mnaonaje?