Utange Ilipokuwa Ikiuza Nazi

Katika utoto wangu Utange haikuwa mahali pa kununua chakula. Chakula kilitoka huku. Ukija kutoka Bamburi ulipita chini ya minazi, mikorosho na miembe, na nyumba zilikuwa zimejificha ndani yake. Muhogo ulichimbwa nyuma ya nyumba, kisamvu kikachumwa papo hapo, na nazi zikiisha jikoni aliitwa kijana akaparaga mnazi. Dukani tulitumwa chumvi, sukari, kiberiti na mafuta ya taa. Alfajiri akina mama walitoka na vikapu kichwani, nazi na embe na mafungu ya mchicha, wakishika njia ya soko la Kongowea.

Vitu vya mapishi makubwa vilifuatwa ng'ambo, kisiwani Mombasa. Daraja la Nyali tunalolitumia leo lilifunguliwa 1980, likachukua nafasi ya lile la kuelea lililokuwako tangu 1931, na kwa mama yangu lilikuwa njia ya kwenda Marikiti. Soko lenyewe lilijengwa 1914 na likapewa jina la Mackinnon, ila sijapata kumsikia mpishi wa Mombasa akiliita hivyo. Mbele kuna mboga na matunda. Mama alipapita haraka, akaingia kwenye maduka ya viungo, ambako magunia yalisimama wazi mlangoni na harufu ya bizari ilikufikia kabla hujaona kitu.

Pale nilifunzwa kununua. Mama aliokota punje moja ya iliki, akaipasua kwa ukucha mbele ya mwenye duka. Mbegu zikiwa nyeusi na zinanata, alisema, "Haya, nipimie." Zikiwa zimepauka na kukauka, aliirudisha punje guniani na kushukuru kwa upole. Uzile aliusugua viganjani kisha akaunusa. Karafuu aliulizia za Pemba. Mwenye duka hakukasirika hata siku moja. Alimwita dada, na alijua kuwa mtu anayekagua hivyo atarudi. Hadi leo sinunui iliki iliyofungwa kwenye pakiti ya rangi, maana siwezi kuipasua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vita vya Somalia vilileta watu kwetu. Utange ikawa na kambi ya wakimbizi, na kwa mara ya kwanza soko likatufuata nyumbani. Watu wengi namna ile wanahitaji kuni, maziwa, ndizi, mchele, na akina mama waliokuwa wakienda Kongowea wakaona hakuna haja ya kutoka. Miongoni mwa wageni walikuwamo Wabarawa na Wabajuni, watu wa pwani kama sisi, waliojua nazi na samaki. Wengine walituonyesha mambo mapya. Sisi tambi tulizipika kwa sukari na tui, za kula na chai. Wao walizichemsha zile ndefu, wakazimwagia mchuzi wa nyama, zikawa chakula cha mchana. Wali waliula na ndizi mbivu kando. Kambi ilifungwa baada ya miaka michache, baadhi wakahamishiwa Marekani, lakini maduka ya mtaani yaliendelea kuweka zile tambi ndefu, na watoto wa Kigiriama wakakua wakizila.

Baadaye mashamba yakakatwa ploti. Sina ugomvi na waliojenga. Watu wanahitaji pa kuishi, na kisiwa kilishajaa. Hata hivyo kila nyumba iliangusha minazi yake, na hakuna aliyehesabu. Leo nazi za Utange zinashushwa kutoka Kilifi na Kwale, na mjukuu wa yule aliyekuwa akiziuza Kongowea anazinunua moja moja barabarani. Hilo linaniuma kuliko bei yake.

Anayeuza nazi sasa ana mashine ya kukunia. Unamchagulia nazi kwa kuitikisa sikioni. Ikilia maji mengi ni nzima, ikinyamaza iache. Anaipasua kwa mgongo wa panga, anaibana kwenye meno yanayozunguka, na kabla hujatoa pesa nazi iliyokunwa imeshajaa mfukoni. Ni raha kwa mtu aliyetoka kazini jioni. Lakini mwenye haraka huisukuma mpaka kwenye kifuu, ile ngozi ya kahawia ikaingia, na tui likatoka limefifia. Kwa samaki wa kupaka mimi huichukua nazi nzima, nikakaa mwenyewe juu ya mbuzi ya kukunia.

Mambo mawili yalibadilisha ununuzi wetu ghafla. La kwanza ni marufuku ya mifuko ya plastiki, tarehe 28 Agosti 2017. Vikapu vya ukili vilivyokuwa vikikaa stoo vikatoka, na nikafurahi sana kuviona tena mikononi mwa vijana. La pili ni Mei 2020, Mji wa Kale kule kisiwani ulipofungwa kwa ajili ya korona. Waliozoea viungo vya kisiwani wakaanza kuvitafuta jirani, na wauzaji wa huku wakaongeza magunia. Leo naweza kupika pilau ya watu wengi bila kuvuka daraja. Jioni mama karanga, wale wakaanga samaki, wanakaa na makarai yao, tafi na changu zikilia mafutani, na ukichelewa unakuta vichwa tu. Marikiti naenda kwa iliki na karafuu za Ramadhani na harusi.

Lakini kama wewe ni msafiri unayependa kula, nakuomba uanze na mboga. Wako akina mama wanaoleta mchunga na mnavu asubuhi kutoka upande wa Mwakirunge, ambako bado kuna mashamba. Fika kabla ya saa mbili, maana havikai. Chagua mchunga wenye majani machanga, uchemshe, umwage maji ya kwanza uchungu upungue. Changanya na mnavu, tia kitunguu na tungule, kisha tui zito mwishoni, moto mdogo, usifunike. Kula na sima ya moto.