Chumba Kimekwisha Chukuliwa

Wengi wetu hudhani kwamba sheria za nyumba ni mambo ya wazee na mawakili. Nami nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita, nilipokwenda Jinja kumsaidia mama mdogo kutafuta chumba cha kupanga.

Mama mdogo ni mjane mwenye watoto wanne. Kodi ya miezi mitatu alikuwa ameifunga katika leso. Tulifika kwenye nyumba moja yenye vyumba vingi. Mimi nikabaki barabarani na mizigo, yeye akaingia na watoto. Mwenye nyumba aliwatazama watoto mmoja mmoja kama ahesabuye mbuzi, kisha akasema, "Pole, mama, chumba kimekwisha chukuliwa."

Jioni nilirudi peke yangu, maana mtoto wa mwisho alisahau kofia yake barazani. Yule mzee hakunitambua. Akaniuliza, "Kijana, watafuta chumba? Kipo kimoja kitupu." Nikaokota kofia, nikaondoka bila kumjibu neno. Hata leo naona haya kwa kunyamaza kwangu.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa historia, naye akanipa kitabu juu ya Marekani. Huko Wamarekani weusi walinyimwa nyumba kwa miaka mingi kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 1966 Martin Luther King aliongoza maandamano katika mji wa Chicago kupinga jambo hilo, akapigwa jiwe la kichwa. Tarehe 4 Aprili 1968 aliuawa kwa risasi. Siku 7 baadaye Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyokataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi, dini au asili yake.

Lakini sheria ile ilikuwa mbwa asiye na meno. Wizara ya nyumba iliweza kusuluhisha tu. Mwenye nyumba akikataa suluhu, mara nyingi mnyonge ilimbidi aende mahakamani mwenyewe. Mwaka 1974 wanawake nao waliongezwa katika ulinzi wake. Ndipo mwaka 1988 ikapewa meno: majaji wa kusikiliza mashtaka hayo, na faini kwa mkosaji. Mwaka huo huo walilindwa pia walemavu, na wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 18. Niliposoma hapo nilimkumbuka mama mdogo.

Kisa kingine kilinigusa zaidi. Mwaka 1978, karibu na mji wa Richmond, Virginia, mwanamke mweusi aliuliza nyumba akaambiwa hakuna. Mwanamume mweupe akauliza pale pale, akaambiwa zipo. Wote wawili walikuwa wametumwa kupima ukweli tu. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanamke yule ana haki ya kushtaki, kwa kuwa sheria ilimpa haki ya kuambiwa kweli. Nami nilikuwa nimepima vivyo hivyo pasipo kujua, kwa sababu ya kofia ya mtoto!

Katiba yetu ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 21, inakataza ubaguzi wa jinsia, rangi, kabila, dini na ulemavu. Ni neno jema sana. Lakini haikutaja mtu anayekataliwa kwa sababu ya watoto wake. Na hata angetajwa, mjane atapata wapi nauli na siku za kwenda mahakamani kwa ajili ya chumba kimoja? Twahitaji sheria inayotaja jambo hili waziwazi, na mahali pa karibu pa kupeleka malalamiko.

Najua wenye nyumba watasema kwamba watoto huchafua kuta na kupiga kelele. Basi, na waweke masharti yawapasayo wapangaji wote, na anayeharibu alipe. Mtoto asihukumiwe kabla hajagusa ukuta.

Ninyi mliotutangulia katika shule hii, baadhi yenu leo mnavyo vyumba vya kupangisha, na wengine mmo katika mabaraza. Sheria nzuri yaweza kuchelewa. Wamarekani walingoja miaka 20 kuitia nguvu yao. Lakini kusema kweli mlangoni hakungoji sheria. Mjane akibisha hodi, na chumba kipo, mwambieni kipo.