Minyororo ya Magurudumu

Watu wa nchi za baridi hufunga minyororo kwenye magurudumu ili gari lisiteleze juu ya theluji. Sisi wa Bagamoyo theluji hatuijui, lakini udongo mweusi wa bonde la Ruvu wakati wa mvua tunaujua, na anayedhani hauwezi kushindana na theluji hajaukanyaga.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa na Land Rover moja, na ndani ya stoo jozi ya minyororo iliyoachwa na mtaalamu mmoja kutoka Ulaya. Ilikuwa mizito, imeshika kutu, na kuifunga kulimtaka mtu apige magoti chini. Mimi mkuu wa chuo niliiona kuwa mambo ya kizamani. Nilikuwa nimehangaikia fedha mwaka mzima hadi tukanunua tairi nne mpya za kashata kubwa, nami nilijivunia tairi zile kama bwana harusi na kanzu yake.

Kwenye mchanga sikukosea. Katika njia za pwani, kama zile za kuelekea Mbegani, ukipunguza upepo tairi hutanuka na kupita juu juu, ilhali mnyororo ungechimba mpaka ekseli ilale chini. Udongo mweusi una tabia nyingine. Hujaza nafasi zote kati ya kashata, na baada ya mizunguko michache tairi mpya huwa sawa na kipara. Mnyororo hulikata tope lile na kulitupa nje. Wala tope si adui mdogo: katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, mwaka 1963 na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho.

Februari 1998, mvua za El Nino zikiwa hazijatuacha, alikuja kijana kwa baiskeli na barua. Mwanachuo wetu mmoja, mke wa mtu, mjamzito wa miezi saba, alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika kijiji kimoja cha bondeni. Ameshikwa na uchungu.

Tulipofika ukingo wa bonde dereva, mtu wa Kaole aliyenizidi umri, alisimamisha gari. "Mwalimu, tufunge minyororo hapa, pangali pakavu."

"Mzee wangu, tairi hizi ni mpya. Tutapoteza nusu saa bure."

Hatukufika mita mia tatu. Kufunga minyororo gari likiwa limekwisha zama ni kazi nyingine kabisa, maana jeki nayo inazama. Tulikata matawi, tukachimba kwa mikono. Saa tatu zilipita. Tulikuwa tunamalizia gurudumu la mwisho tulipowaona wanakijiji wakija majini, kitanda cha kamba mabegani. Mama alikuwa hai. Mtoto alikuwa amefungwa ndani ya khanga, na hakuna aliyehitaji kuniambia.

Tulirudi kwa minyororo ile ile bila kukwama hata mara moja. Dereva hakusema neno, siku ile wala baadaye, mpaka alipofariki. Hospitalini niliambiwa kwamba huenda mtoto asingepona hata kama tungewahi. Neno hilo la "huenda" nimelishikilia miaka mingi.

Siku hizi njia ya kwenda Msata ni lami. Nilipostaafu niliiomba minyororo ile, nikapewa. Inaning'inia nyuma ya mlango wa stoo yangu. Juzi mjukuu wangu aliuliza, "Babu, hii ulikuwa unafungia ng'ombe?"

Nikamwambia ni ya gari.