Nafasi ya Kadi

Mdogo wangu alinipa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na vitu sita, kila kimoja na bei yake, na chini kabisa jumla: shilingi 1,170,000. "Elfu thelathini inabaki ya bajaji, dada," akasema. Wiki ile nzima hakuwa ameniambia sentensi ndefu kama hiyo.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. Mchana kutwa yuko banda la magemu, analipia mechi moja moja, na mama ananipigia simu kulalamika. Nikaona nimepata dawa. Yeye alikuwa amejiwekea laki tano kwa kusaidia kwenye steshenari ya jirani. Nikamwambia naongeza laki saba, tuunge kompyuta ya magemu, akae nyumbani. Skrini tungetumia TV ya sebuleni. Kibodi na mausi nilikuwa navyo.

Na mimi nikaandaa orodha yangu. Mimi ni mwandishi wa habari, kuulizauliza ndiyo mkate wangu, kwa hiyo nilikesha YouTube siku nne nikiamini nafanya utafiti. Orodha yangu ilianza na kadi ya grafiki, maana kila niliyemsikiliza alianza nayo. Nilichagua RX 580 ya mtumba, yenye GB 8. Kadi hizo zilitoka 2017, na nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, zikiwaka usiku na mchana. Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na mfumo wa uchimbaji, wachimbaji wakaanza kuziuza, nasi wa bajeti ndogo tukapata mlango. Chini yake nikaweka prosesa ya mtumba, kasha lenye kioo na taa za rangi, na mwishoni pawa saplai, ambayo iliambulia kilichobaki: elfu arobaini na tano.

Kwenye karatasi yake kadi haikuwepo kabisa.

"Kompyuta ya magemu bila kadi?"

"Grafiki imo ndani ya prosesa, dada."

Alikuwa ameandika Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mama yake kutumia simu mpya. Magemu mazito yatamshinda, alisema, lakini GTA V itacheza vizuri, na mpira unachezeka ukipunguza mapambo. RAM aliandika mbili za GB 8, siyo moja ya 16, ingawa bei zilikaribiana. Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya kompyuta. RAM mbili zinafanya kazi kama mabomba mawili yanayojaza pipa moja. Ukiweka moja, hata iwe kubwa, unakuwa na bomba moja.

Nilichoshindwa kumeza ni mstari wa tano. Pawa saplai: 190,000. Kasha: 80,000, bati jeusi, halina kioo wala taa. Yaani kitu ambacho hakuna atakayekiona kimezidi mara mbili bei ya kitu ambacho kila mtu atakiona. Nikamwambia kazini kwangu aya kama hiyo tungeikata. Hakucheka.

Jumamosi tukaenda Kariakoo. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, na bila kujua akasimama upande wangu. "Dogo, unajiumiza bure. Mashine yako hii haili hata wati mia moja na hamsini. Chukua hii ya elfu arobaini na tano, imeandikwa wati mia tano kabisa."

Mdogo wangu akaipokea, akaipima mkononi kama mtu anayenunua nanasi, akanipa mimi. Nyepesi. Kisha akanipa ile ya 190,000, na mkono wangu ukashuka kidogo.

"Leo haili," akamjibu muuzaji. "Lakini RX 580 peke yake inakula wati 185. Mwakani tukiiweka, hiyo yako itanipeleka wapi? Na umeme wetu ukikatika ukarudi kwa kishindo, inayopokea kishindo cha kwanza ni hiyo. Ikiungua vibaya, inaondoka na wenzake."

Kabla ya kulipa akaomba prosesa ifungwe kwenye mazabodi, iwashwe palepale. Mazabodi ilikuwa B450, aina iliyotoka 2018, miaka mitatu kabla ya prosesa yetu. Bila kusasishwa BIOS, inaweza isiitambue. Muuzaji akaguna, akawasha. Jina la prosesa likatokea kwenye skrini. Ndipo mdogo wangu akanigeukia: "Lipa, dada."

Kwenye bajaji nikamuuliza kayajulia wapi yote hayo. Nilitegemea ataje chaneli fulani ya YouTube.

"Kwa baba," akasema. "Chanika."

Baba alifariki 2021. Alituachia boma Chanika, kwenye kiwanja chenye mteremko, halijaezekwa mpaka leo. Ninachokumbuka mimi kuhusu boma lile ni ugomvi. Msingi ulimeza karibu nusu ya pesa zote, mama akisema watu waliotuanza wanalala chini ya bati, sisi tunazika mawe ardhini. Nilikuwa upande wa mama. Kwa kweli sikuwahi kukaa pale zaidi ya saa moja; Jumamosi nilikuwa zamu. Aliyekuwa anakwenda na baba kila Jumamosi kumwagilia matofali, akiwa na miaka kumi, kumi na moja, kumi na mbili, ni huyu niliyekuwa naye kwenye bajaji, amekumbatia boksi la mazabodi.

"Alikuwa anasema ukuta utauvunja, paa utalibadilisha," akaendelea. "Msingi ndiyo huna namna."

Kwa miaka mitatu nilikuwa najiambia mdogo wangu hataki kuzungumza juu ya baba. Mimi ndiye sikuwahi kumuuliza. Nilimuuliza ada, nikamuuliza matokeo ya mock, nikamuuliza kwa nini yuko banda la magemu.

Tuliunga usiku ule mezani, kifuniko cha kasha kikiwa pembeni. Saa nne na nusu ikawaka, na sebule ikajaa mlio mdogo wa feni. Mama akasogea na miwani yake, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Chini ya prosesa kuna tundu refu, limelala wazi, halina kitu. Ndipo kadi ya grafiki itakapokaa siku tukiipata.

"Hapa mmesahau kitu," mama akasema.

"Hatujasahau, mama," mdogo wangu akajibu. "Hiyo ni kama zile nondo za Chanika."

Kule Chanika, juu ya nguzo, baba aliacha nondo zimechomoza kwa ajili ya ghorofa. Mama huwa anazichukia, anasema zinakamata kutu na kutuaibisha kwa majirani. Usiku ule hakusema hivyo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akauliza nauli ya Chanika siku hizi ni kiasi gani.