Nyanya Alikuwa Msanii, Mimi Nikaandika "Mama wa Saba"

Wasee, najua nimepotea. Wengine mmeuliza inboksi kama nimerudi chuo. Zi, sijarudi, na anayeuliza tena namblock. Nilikuwa Ndera, Tana River. Nyanya yangu mzaa mama alifariki, nikakaa huko mpaka arubaini.

Usiku aliofariki mjomba alinipigia. "Wewe si ndiwe wa mitandao? Andika tangazo, tulitume kwa magrupu." Nililiandika nikiwa kwa matatu, hata Malindi hatujafika. Mke wa marehemu babu, mama wa saba, nyanya wa wengi, mwanajamii aliyependwa na wote. Mazishi baada ya alasiri. Dakika tatu, nikatuma. Watu wakaweka emoji za kulia, mimi nikalala.

Siku ya nne hivi, jirani yake, bibi mmoja waliyekua pamoja tangu usichana, aliniita kibarazani. Alikuwa amesomewa lile tangazo. "Mjukuu wangu," akasema, "huyo uliyemwandika ni nani? Maana hata mimi ni mke wa marehemu na nina watoto saba."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Acha niwaambie nilichokiacha. Nyanya alikuwa akisuka mikeka. Mnaona ile mikeka ya plastiki ya mjini? Isahauni. Yeye alianza na makuti machanga ya mkoma, anayaanika, anayachana kwa kucha, mengine anayachemsha kwa rangi. Halafu anasuka ukili, utepe mrefu mwembamba, siku baada ya siku, akipiga stori, bila hata kuangalia mikono. Ukishafika pima anazozijua yeye kichwani, anaushona mzunguko kwa mzunguko mpaka unakuwa mkeka. Maua hakuyachora popote. Alihesabu tu. Na akikosea mstari mmoja alifumua kazi ya siku mbili, na babu, enzi zake, alikuwa analalamika kwamba hakuna mgeni atakayeliona hilo kosa. Alikuwa anamjibu kwamba yeye atakuwa anaulalia.

Mingi ya hiyo mikeka ilienda na maji 2024, mto ulipofurika watu wakahamia sehemu za juu. Uliobaki mzima ni ule aliobebewa juu yake kwenda makaburini.

Na aliimba. Hapa ndipo nasikia uchungu kabisa, kwa sababu nyinyi nyote mnaijua kazi ya wanawake kama yeye, hamjui tu kama mnaijua. Wimbo wa taifa, ule mliosimamia kwa paredi shuleni miaka yote mkiwa na usingizi, muziki wake ulitoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto alale. (Kwa hivyo usingizi wenu ulikuwa na sababu.) Mwaka 1963 kulikuwa na kamati ya watu watano, wakiwemo George Senoga-Zake na Thomas Kalume, na aliyewapa huo muziki ni Mzee Meza Galana wa Makere, si mbali na kwetu. Jina la Mzee Galana angalau limeandikwa mahali, na anastahili hata zaidi. Lakini yeye naye aliulalia huo wimbo akiwa mtoto. Kuna mama aliyemwimbia. Na huyo mama aliimbiwa na mama mwingine, hivyo hivyo kurudi nyuma, wanawake wa kando ya mto wenye mtoto mgongoni na jembe mkononi, kila mmoja akiongeza kidogo, akipunguza kidogo. Nani aliwaandika? Mke wa fulani. Mama wa wangapi.

Mimi ndiye nilipaswa kuwa tofauti, si ndiyo? Niliacha chuo mwaka wa pili nikisema naenda kutengeneza video za watu wetu. Nyumbani walinuna wote isipokuwa nyanya, aliyeuliza tu kama hiyo kazi inahitaji kukaa juani. Nimefungua simu yangu nikatafuta sauti yake. Nina video kumi na nne nikionja chai mitaani Mombasa. Yake ni moja, sekunde tisa. Anaanza kuimba kidogo kidogo, mkono uko kwa ukili, halafu inasikika sauti yangu: "Nyanya ngoja, mwanga mbaya." Ananyamaza. Imeisha.

Nikamrudia yule bibi jirani, nikamwomba aniimbie vile nyanya alivyokuwa akiimba. Nilikuja na simu na ile taa yangu. Akaniangalia kama mtu aliyeharibikiwa. "Huu ni wa kulaza mtoto. Hauimbiwi simu. Lete mtoto."

Basi nikazunguka kijiji kizima kuomba mtoto. Si mchezo, msee wa miaka 22 anabisha nyumba za watu akiuliza kama wana mtoto asiyelala. Mwisho binamu yangu akanipa wake wa miezi minne, analia vizuri sana. Bibi akamweka kifuani, akaanza. Taa nilizima mwenyewe. Simu niliiegemeza kwa mtungi, na kumbe iligeuka, kwa hivyo picha ni ukuta wa udongo kwa dakika nne na sekunde kumi na moja.

Mtoto alilala kabla ya dakika ya pili. Bibi aliendelea tu. Katikati alisimama mara moja akasema, "Hapa yeye alikuwa anapanda juu, mimi siwezi," kisha akaendelea chini chini.

Msiniulize nitaipost lini. Amesema mama zangu wadogo waisikie kwanza, na mmoja yuko Hola bado hajaweza kuja. Lile tangazo nimelifuta kwa grupu la familia. Nimeanza jipya, nimefika kwa neno msanii, halafu nikakwama, kwa sababu bibi ananiuliza mikeka ilikuwa mingapi na hakuna aliyehesabu.