Mtoto Mwenye Kilema Naye Atakuwa Mtu Mzima

Wazazi wakristu, kuna swali moja tunaloliogopa sisi tulio na mtoto mwenye kilema nyumbani: siku tutakapokufa, atabaki na nani? Mchana kazi hutusahaulisha. Usiku swali larudi. Twajibu: «Mungu anajua.» Ni kweli, anajua. Lakini Mungu huyo ametupa miaka ya utoto wake ili tumtayarishe.

Katika nyumba nyingi mtoto wa namna hii hupendwa sana, naye huletewa kila kitu: maji, chakula, nguo. Ndugu zake hutumwa sokoni. Yeye huambiwa akae. Basi hufikia miaka 18, ambayo sheria ya Kongo humhesabu kuwa mtu mzima, na bado hajui bei ya chumvi. Hapo huruma imemfunga kuliko kilema chake.

Tumtazame Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Mtoto alipokuwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo cha kazi cha baba yake, kisha akapofuka macho yote mawili. Wazazi hawakumficha. Padri wa parokia alimfundisha, naye akasoma katika shule ya kijiji pamoja na wenziwe. Mwaka 1819 alipelekwa shule ya vipofu mjini Paris. Akiwa na miaka 15 alikuwa amekwisha kubuni maandishi ya nukta 6, ambayo vipofu wa dunia nzima wayasoma kwa vidole hata leo. Akawa mwalimu, tena mpiga kinanda kanisani.

Wala tusiseme mambo hayo ni ya Ulaya tu. Pale Goma, kwenye mpaka wa Rwanda, watu wenye vilema wamejulikana miaka mingi kwa kupitisha mizigo ya biashara juu ya baiskeli za magurudumu matatu. Wanalisha jamaa zao.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto mdogo achambue maharagwe na kutandika kitanda chake, hata akichelewa. Akikua kidogo, ashike pesa na kurudisha chenji. Akifika miaka 14 au 15, tumtafutie fundi: wa kushona nguo, wa viatu, wa vikapu. Mwenye akili nzito apewe kazi moja, airudie kila siku mpaka mikono iizoee. Binti afundishwe kujilinda na kusema hapana. Na wote wapate mafundisho ya dini, Komunyo na Kipaimara, kama ndugu zao.

Tena tuseme na ukoo tungali hai. Shamba lake lijulikane mbele ya mashahidi, na hati yake ya kuzaliwa itunzwe. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 yalinda haki za wenye vilema katika nchi yetu. Lakini sheria isiyojulikana nyumbani haimsaidii mtu.

Katika Injili, watu wanne walimbeba aliyepooza mpaka mbele ya Yezu. Walifanya vema. Lakini Bwana alipomponya, hakuwaambia wale wanne wachukue kitanda. Alimwambia yeye mwenyewe akichukue, aende nyumbani kwake. Watoto wetu huenda wasipone miguu wala macho. Hata hivyo kila mmoja ana kitanda anachoweza kukibeba. Tumwonyeshe namna ya kukishika, tungali na nguvu za kumsaidia.