Acha, Shika, Shusha

Kitenzi "acha" kina nyuso mbili: humwamuru mtu akome, na pia humwamuru aachilie. Sisi washairi huushangilia utata huo. Fundi aliyekuja nyumbani kwetu Chonyonyo kushusha giaboksi ya gari la otomatiki aliupiga marufuku.

Mafuta yalikwisha kumwagwa, propela imetolewa, bolti za flaiwili zimefunguliwa. Giaboksi ya aina hiyo huweza kupita kilo 70, na fundi alikuwa amelala chini yake, msaidizi akiwa kwenye jeki. Neno moja lenye maana mbili lingemvunja kifua. Basi wakabaki na amri tatu: "shusha", "shika", "hapo hapo". Mara moja nilimsikia kijana akianza "A…", akalimeza.

Nilivutiwa pia na "shusha" lenyewe. Mwenye kamusi angeandika "ondoa", na asingekosea. Lakini "ondoa" halina uzito wala mwendo. Giaboksi huvutwa nyuma kwanza, ikiwa sawa, ili lile bakuli la chuma lipokealo nguvu za injini kwa njia ya mafuta lisichomoke. Kisha hushuka polepole mno, na aliye chini hushusha pumzi pamoja nayo.